Siku Watachoka Alipofika Langoni

Usiku wa jana niliota, na ndoto ilinikuta nimeshaondoka. Treni ilikuwa imekwisha kutoka stesheni, mizigo iko juu, wanaopunga mikono wamebaki nyuma, na mimi nimekaa dirishani kama mtu aliyekata tiketi. Sikuuliza tunakwenda wapi. Hilo mimi huliuliza nikishashuka.

Jirani yangu kitini alikuwa jenereta. Jenereta wa petroli, wa zamani, rangi imembabuka, amepakata kidumu cha njano kama mama aliyepakata mtoto.

"Shikamoo," akaniambia.

"Marahaba. Wewe wa lini?"

"Nilishushwa bandarini wakati wa njaa ya mahindi ya njano."

"Basi mimi mkubwa. Endelea."

Nje, sambamba na treni, mbwa jike wa rangi ya kahawia anakimbia. Haifukuzi treni. Anakwenda tu, kama mtu mwenye safari yake ambayo imetokea kufanana na yetu. Treni inapita juu ya daraja, mbwa anapita chini ya daraja, majini. Mamba anamfungulia mdomo, anamtambua, anafunga mdomo na kusogea pembeni.

"Mbwa wa nani huyu?" nikauliza.

Jenereta akanitazama kwa masikitiko. "Mzee mzima, humjui Watachoka?"

Nikasema namjua, nilikuwa sijamwona vizuri. Nani asiyemjua? Ni mbwa wa kwenye hadithi, yule wa Bibi Nyamizi, mjane aliyesemwa vibaya na majirani. Bibi alimpa mbwa jina hilo ili kila jioni akimwita, majirani wapate ujumbe wao bila ugomvi. Shemeji zake wakamchukua mbwa kwa hila, wakaenda kumuuza mbali. Mbwa akaanza kurudi kwa miguu.

"Unajua alizaliwa wapi?" jenereta akauliza.

"Tabora?"

"Gazetini. Siku hiyo tangazo la sabuni halikuletwa, pakabaki shimo katika ukurasa. Mwalimu Pelagia alikuwa amekuja kuulizia mambo yake mengine kabisa. Mhariri akamwambia, Mwalimu, nizibie hapa. Akaziba kwa mbwa."

Nikatazama tena nje. Kweli, mbwa yule alikuwa na pembe nne kidogo, kama tangazo la gazeti.

"Halafu redioni," akaendelea, "alikuwa mwanamume mmoja mnene mwenye vifuu viwili vya nazi. Vifuu ndiyo miguu, mwanamume ndiye kubweka. Halafu wageni wakainunua hadithi, wakaipiga picha, kila mtu mle ndani anasema lugha yao, hata Bibi Nyamizi. Kwa Watachoka wakatumia mbwa watatu, wote madume. Mmoja wa kukimbia, mmoja wa kuogelea, mmoja wa kuhuzunika."

"Wa kuhuzunika alifanyaje?"

"Alikuwa na njaa tu. Siku waliyomshibisha, kazi ikasimama."

Ndipo nikaona kwa nini mbwa yule alikuwa anakata kona vibaya. Ndani ya ngozi moja wanakimbia watatu, na kwenye kona hawakubaliani.

"Na alifika?" nikauliza.

Jenereta akakohoa moshi, akafuta mdomo. "Hapo umeuliza penye kidonda. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha picha ile, kibanda cha video hadi kibanda, kutoka ziwani mpaka Morogoro. Inafika pale anapoliona lango la kwao, naishiwa mafuta. Kila mahali, pale pale."

"Picha ni ndefu, siyo?"

"Picha hainili mafuta, mzee. Mimi naliwa na maneno."

Treni haikusimama. Viti vikawa mabenchi, dirisha likawa televisheni, na abiria wote wakawa watazamaji waliokwisha kulipa. Tumo ndani ya kibanda cha video. Makuti juu, magunia ukutani, joto la watu. Mbele amesimama Kapilima, mtafsiri wa picha, mwembamba, kipaza sauti chake kimefungwa leso. Kama mnavyojua, mtafsiri wa kibandani haachi kusema. Wageni wakinyamaza kwenye picha, yeye ndipo anapopata nafasi. Akinyamaza na yeye, watu wanadai hela zao.

"Sasa stelingi anaona mto," anasema Kapilima. "Anajisemea moyoni, we mto, unanijua mimi ni mtoto wa nani? Wale wa mbele inamisheni vichwa!"

Watachoka akainamisha kichwa, kwa maana na yeye alikuwa mbele.

"Mwenye baiskeli nyekundu hapo nje, iondoe!"

Baiskeli nyekundu ikaondoka pale ilipokuwa, ikaangukia kwenye mto wa picha. Watachoka akaikwepa. Hakuna aliyeshangaa. Alichosema mtafsiri ndicho kilichotokea, kila mtu amezoea.

Kanda ikapaza sauti kutoka ndani ya deki. "Samahani, naomba niseme. Leo ndiyo mara yangu ya mwisho. Nimelika, nimebaki uzi."

Kule mwisho wa picha, mbali, tukaliona lango la miti, na Bibi Nyamizi amesimama na sufuria ya ugali na samaki wa mgebuka.

"Na mimi nasema!" akaita Bibi, kwa lafudhi ya wageni walioipiga picha. "Leo asipofika, lango nalifunga, na pale alipokuwa analala naweka mbuzi. Nimesimama hapa miaka yote, miguu imevimba, ugali umeganda, na huyo Kapilima hajanipa hata kigoda!"

"Si stelingi huyu?" nikamnong'oneza jenereta. "Stelingi hafi."

"Hafi," akasema. "Hakuna kanuni inayosema anafika."

Watachoka akatoka kwenye televisheni. Akashuka mezani, akapita kati ya mabenchi, maji yanamtiririka, akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa na jambo. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Kapilima:

"Kwa kunyoa na kuchana, mpenzi mtazamaji, usihangaike, nenda kwa Fundi Chubwa, mkabala na mashine ya kusaga."

Akafunga mdomo. Niliona ameona aibu. Tangu aingie vibandani hajawahi kusema lake.

Akainama, akanivua katambuga ya kushoto, ile ambayo nilikuwa nimefunga mkanda wake kwa waya wa bluu kule Uvinza, akarudi nayo ndani ya picha.

"Hiyo rehani," akasema jenereta. "Akifika, mmemalizana. Asipofika, utaondoka na mguu mmoja."

Saa hiyo Kapilima akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Sauti yake ilikuwa imekwenda kunywa chai. Tuliiona ikipita mlangoni, imeshika kikombe chake yenyewe. Kapilima akatazama watu, watu wakamtazama, akaja moja kwa moja akanipa kipaza sauti.

"Kwa nini mimi?"

"Mpe mzee, mpe!" wakasema wa nyuma. "Mzee amefika mahali pengi."

Hilo kweli. Nikasimama na mguu mmoja mtupu. Nikaona kazi yenyewe ni ndogo, ni neno moja tu.

"Basi," nikasema, "Watachoka akafika langoni."

Akafika. Kibanda kizima makofi. Bibi Nyamizi akainama na sufuria. Na mimi, mdomo ukiwa bado wazi, nikasikia ninaendelea:

"Akaamkia, akanywa maji, akashika njia."

Watachoka akaamkia, akanywa maji, akashika njia.

"We mbwa!" Bibi akapiga kelele. "Unakwenda wapi na maji yangu mdomoni?"

Nikakohoa. Nikaanza tena. "Akakumbuka, akageuka, akaingia mpaka uani, akalala." Akalala. Nikafurahi. "Kulipokucha akaaga."

Kwenye picha kukakucha haraka haraka. Watachoka akaamka, akaaga, mpaka kuku akawaaga, akatoka.

"Babu, funga breki!" akasema mmoja.

Lakini nilikuwa nimeshika mteremko. Nikasema akavuka Malagarasi, akavuka. Nikasema akapata kibarua cha kubeba chumvi, na pale pale nikamwona mbwa na gunia mgongoni. Nikasema msimamizi wake alikuwa na mdomo mchafu, akaacha kazi bila kuaga. Nikasema mahali fulani palikuwa na mwanamke mwema aliyemwambia akae, akasema atarudi, akapanda lori la pamba.

Mama mmoja wa benchi la mbele akageuka. Alikuwa na kitenge cha zambarau na karanga mapajani.

"Baba," akasema, "hiyo ni habari ya mbwa au ni yako?"

Wakacheka mpaka magunia yakatikisika. Jenereta hakucheka. "Nimebaki kijiko," akaniambia. "Kila neno lako ni funda moja."

"Adui ni nani kwenye picha hii?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Vichwa vyote vikageuka. Nikageuka nione wanamtazama nani, nikakuta ni mimi.

Nikamrudisha mbwa. Nikamshusha kwenye lori, nikamvua gunia, nikampitisha mto kwa mara nyingine, nikamweka njiani, lango likiwa mbele yake. Pale nikasita. Amesimama na katambuga yangu mdomoni, kwato za mbuzi zinasikika nyuma ya nyumba, wanaletwa tayari. Hamtazami Bibi. Ananitazama mimi. Nimelala na mbwa wengi njiani, namjua mbwa anayengoja kuambiwa. Huyu alikuwa ameinua masikio ya madume wote watatu.

Nikafunga mdomo.

"Sauti!" wakasema watu. "Sauti! Mtafsiri!"

Maneno yamejaa mdomoni kama ugali wa moto. Sikuyatema, sikuyameza.

"Hela zetu!" Ganda la chungwa likanipiga sikioni.

"Sema hata neno moja," kipaza sauti kikanibembeleza mkononi. "Babu, nitaachishwa kazi. Sema hata tangazo la kinyozi."

Nikakikalia.

Kapilima amejishika kichwa. Tangu aanze kazi hajawahi kusikia kibanda bila mtu anayesema, na nadhani hakujua kinakuwaje. Mama wa karanga akainua mkono. "Ebu nyamazeni nyie," akasema. "Kuna kitu kinatembea."

Wakanyamaza. Tukasikia kucha. Kucha za mbwa kwenye udongo mkavu, taratibu. Picha ile ilikuwa nazo siku zote, ila hakuna aliyewahi kuzisikia.

Anakuja. Njiani dume wa kukimbia anajitoa, anakaa chini ya mti. Dume wa kuogelea anajitoa, anajikung'uta. Dume wa kuhuzunika anatangulia kwenda kunusa sufuria, anafukuzwa. Anabaki jike mmoja wa kahawia, mwembamba, mwenye pembe nne kidogo, kama alivyotoka kwa Mwalimu Pelagia. Hakuna anayemwambia lolote. Analifikia lango, ananusa mti wa kulia, ananusa mti wa kushoto, anaingia.

Bibi Nyamizi alimtazama.

"Umechelewa," akasema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya kizee, ya kwetu. Akaweka sufuria chini, akafunga lango, mbwa akiwa ndani.

Komeo likalia.

"Kumbe mafuta yanatosha," akasema jenereta, akazima.

Nikaamka nyumba ya wageni ya Mama Leokadia, hapa Kaliua. Jua lilikuwa limeshaingia. Mkoba wangu nilikuwa nimeufunga tangu jana, kwa ajili ya treni ya asubuhi. Nikashusha miguu. Katambuga ya kulia ipo. Ya kushoto hakuna. Nikatazama uvunguni, nikakung'uta shuka, nikatoka uani.

"Mama Leokadia, nani kaingia chumbani kwangu?"

"Mzee wangu, usinitafutie maneno asubuhi yote hii. Mlango si ulifunga mwenyewe kwa ndani?"

Nilikuwa nimefunga. Komeo nililifungua mimi sasa hivi.

Nikamuuliza kama anamjua Kapilima. Akasema nani asiyemjua, alikuwa na kibanda pale ng'ambo ya barabara, kimefungwa zamani, siku hizi anapiga mnada wa nguo Urambo na sauti anayo. Jenereta wake ni yule pale uani, kuku wanatagia ndani. Kanda za picha alizichukua yeye Mama Leokadia, akazitandika shambani juu ya mpunga, upepo ukipita zinavuma na ndege hawasogei. Madume watatu sikumuuliza. Mwalimu Pelagia, kwa nilivyosikia ndotoni, nilisahau kuwaambia, wenye gazeti walimlipa kwa sabuni.

Nikavuka barabara, mguu mmoja mtupu. Ukuta wa kibanda bado una picha aliyochorewa Kapilima na fundi wa mabango. Jana nilipofika niliiona: njia, lango, na mbwa njiani anatembea. Leo njia haina mtu. Lango limefungwa. Ndani ya lango, mbwa wa kahawia amelala, kidevu amekiweka juu ya katambuga ya kushoto, mkanda wake umefungwa kwa waya wa bluu.

Treni ya asubuhi imepita. Mimi bado nipo Kaliua.