Baiskeli ya Aimable Ilifika Maporomokoni

Wazo lilikuwa la Aimable. Aliwahi kuyaona maporomoko yale akiwa kibarua juu ya lori la kahawa, upande wa Kyerwa: maji meupe yakianguka kati ya miamba na miti, mbali kidogo na barabara. Alimgongea dereva asimame, dereva akapuuza. Tangu hapo maji yale hayakumtoka kichwani. Akawasimulia Jovitus na Gideon, wenzake wa kwaya ya vijana pale Kanoni, Karagwe, nao wakakubali: mvua za masika zikipungua, wataenda kwa baiskeli.

Kila baada ya mazoezi walikaa kibarazani kwa kina Jovitus wakapanga. Aimable alikuwa akisomba ndizi kwa baiskeli kupeleka sokoni, na vilima vya huko alivijua kwa magoti yake. Aliwaambia wapi wakanyage taratibu, wapi washuke wasukume, na kwa nini breki ziwekwe mipira mipya.

"Mlima utakuchosha tu," alisema. "Mteremko ndio unaoua."

Wangelala Rubwera kwa shangazi yake Gideon, asubuhi wamalizie safari. Mama yake Aimable, Niyigena, aliahidi kuwakaangia karanga za njiani. Gideon alitaka wabebe sufuria wapike ndizi kulekule kwenye maji, wakamcheka mpaka akanuna.

Siku mbili kabla ya safari, Jovitus alikuja peke yake. Alimkuta Aimable uani akipaka mnyororo mafuta.

"Ndugu yangu, tumeongea mimi na Gideon," alisema. "Kule ni karibu na mpaka. Wakitusimamisha wakaomba vitambulisho, wewe utatoa nini?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Mimi na wewe tulibatizwa Jumapili moja."

"Mimi najua. Askari hajui. Watatuweka ndani wote."

Babu yake Aimable ndiye aliyetoka Rwanda, na baba yake alizaliwa na kuzikwa hapahapa Kanoni. Lakini kila Aimable alipofuatilia kitambulisho aliambiwa asubiri, na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walishapata vyao.

"Kwa hiyo mmeahirisha?" aliuliza.

"Hapana, sisi tutakwenda." Jovitus alishika mpini wa baiskeli, akabonyeza kengele kidogo. "Ila ya Gideon haina gia. Tulikuwa tunaomba hii yako."

Aimable alidhani anatania. Alimtazama usoni, akaona hatanii.

"Nitakujibu," akasema.

Usiku ule hakula. Mama yake alisikia habari yote.

"Mpe," alisema.

"Mama!"

"Baba yake Jovitus ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Siku wakija kuuliza sisi ni nani, ni Mzee Rwegoshora atakayejibu. Mpe, mwanangu. Na karanga nitakaanga."

Asubuhi Aimable aliipeleka mwenyewe, imefutwa vumbi, matairi yamejazwa upepo. Gideon alipokea karanga bila kumtazama machoni.

Walirudi Jumapili jioni, wamechomwa na jua, wana furaha. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya Aimable lilikuwa limepinda. Jovitus akatoa simu, akaonyesha picha moja baada ya nyingine: Gideon amesimama chini ya maji, Jovitus ameinua baiskeli juu ya kichwa.

"Ni kama na wewe ulikuwepo," alisema.

"Mlisimamishwa wapi?"

"Wapi! Hatukuona hata askari mmoja." Akacheka. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akarudisha simu mfukoni.

Aimable alinyoosha gurudumu. Jumamosi iliyofuata, kabla hakujapambazuka, alipanda baiskeli akaenda peke yake. Hakuna aliyemuuliza kitu njiani isipokuwa mama mmoja muuza ndizi choma, aliyemuuliza anatoka wapi. "Karagwe," akajibu, na mama yule akamwongezea ndizi moja.

Alilala nje ya duka moja Rubwera, na asubuhi akafika. Maji yalikuwa makubwa kuliko alivyokumbuka. Manyunyu yake yalimlowesha shati hata kabla hajasogea. Alikuwa amewaza mara nyingi jinsi wao watatu watakavyopiga kelele pale. Alijaribu kupiga yake, ikamezwa na mngurumo, hata mwenyewe hakuisikia. Akakaa juu ya jiwe. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, kisha akanawa uso, akageuza baiskeli.

Jovitus alimkuta kesho yake kisimani.

"Jana hukuja kanisani. Ulikuwa wapi?"

"Shambani," alisema Aimable.

"Safari ijayo tutakwenda wote, Mungu akipenda."

Aimable alijitwika ndoo yake. Kwayani hakurudi tena. Walipomuuliza alisema ana kazi nyingi, nao hawakuuliza mara ya pili. Ila kila Mzee Rwegoshora alipopita mbele ya nyumba yao, Aimable aliinuka, akavua kofia, akamwamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika.