Mpaka Ainue Mkono

Kiplagat alikuwa mtu wa sheria. Kabla ya kuwasha msumeno wake wa injini, ule ambao watu huuita pawaso, alikagua kama mnyororo umelegea, akajaribu breki, akavaa helmeti, glavu na buti. Kisha alifunga utepe mwekundu kuuzunguka mti, umbali wa mara mbili ya urefu wa mti wenyewe. Hakuna kuvuka mpaka azime injini na ainue mkono.

Sheria ya kwanza kabisa, ya kutokata peke yako, ndiyo iliyomshinda. Alikuja kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 2012 pamoja na mwenzake, Mike. Februari iliyofuata Mike akarudishwa Lodwar, na ofisi iliyowatuma ikaahidi kuleta mtu mwingine. Ahadi za ofisi unazijua. Tangu hapo Kiplagat alikata peke yake, akala peke yake, na Jumapili alilala chali katika chumba cha kupanga akitazama mabati. Ulikuwa upweke, ila yeye aliuita uchovu.

Na kosa lilikuwa lake. Wiki ile Mike alipoondoka, Adhieu, mama wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha chai kambini, aliinama akapita chini ya utepe, akimpelekea kikombe cha chai, huku mnyororo unazunguka. Kiplagat akamfokea mbele ya watu: "Unataka kufa? Toka!" Haki alikuwa nayo. Lakini baada ya kuzima injini hakumfuata, hakumweleza, hata asante hakusema. Watu wakajifunza upesi. Alipofunga utepe hakuna aliyesogea, na alipoufungua hakuna aliyemsogelea pia.

Aprili laga la Tarach, mto wa msimu upitao kando ya kambi, likafurika, likala kingo zake, na mgunga mmoja ukabaki umeinamia vibanda, tawi lake kubwa limepasuka. Kule kando ya laga miti ina wenyewe, na huu ulikuwa wa Lokorio, mfugaji Mturkana, ambaye mbuzi wake walikula maganda ya mti huo. Alikubali tawi tu likatwe. Kiplagat akakata kidogo kutoka chini ili gome lisichanike, kisha akaanza juu. Mwenzake angekuwepo, angeona kwamba ncha ya tawi imekita kwenye udongo na tawi lote limejikunja kwa nguvu. Yeye hakuona. Likakatika, likaruka kando, likamwangusha chali na kumlalia kifuani, mikono yote miwili chini yake.

Pawaso ilianguka hatua tatu kutoka alipo, breki imeshika, injini bado inanguruma. Aliita, sauti ikamezwa. Nyuma ya utepe walisimama watu kama ishirini, wakimtazama kwa adabu. Kwa umbali ule majani yalificha kwamba tawi limemlalia, na walishazoea kumwona amelala chini akichunguza matawi.

Petroli iliyokuwa imebaki kidogo ikaisha, kukawa kimya. Lakini kufikia hapo pumzi ya kuita nayo ilikuwa imemwishia.

"Fundi! Ejok?" Lokorio aliita, akimuuliza kwa Kiturkana kama yuko salama. "Hajainua mkono," akawaambia wenzake. "Ngojeni. Huyu ni mkali."

Kiplagat aliogopa kama hajawahi kuogopa. Angekufa mchana kweupe, mbele ya watu ishirini, kwa sababu wanamtii.

"Wacha anitukane," akasikia Adhieu akisema. "Mimi naenda."

Akaja mbio, akapiga magoti, akamshika shavu kwa kiganja. Miezi miwili hakuna binadamu aliyekuwa amemgusa Kiplagat, na machozi yakamtoka hata kabla maumivu hayajafika.

"Kujeni!" Adhieu akapiga kelele. "Mti imemlalia!"

Wakavuka wote kwa pamoja. Wanaume sita wakaliinua tawi, wengine wakamvuta taratibu, mtu akakimbia kutafuta gari. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika. Lokorio alimkinga jua kwa shuka yake.

Gari lilipofika, Adhieu akapanda naye. "Hospitali lazima wataandika," akasema. "Nani anajua jina ya huyu mtu?"

Watu wakatazamana. Lokorio akatikisa kichwa. Ikabidi Kiplagat, aliyefanya kazi katikati yao mwaka mzima, ajitaje mwenyewe.