Mgeni wa Kurasa Tisa

Barua ilisema wazi: mgeni anataka kuona siku ya kawaida. Niliisoma mwenyewe, mimi Lusia, makamu mkuu wa chuo cha uuguzi hapa kisiwani Savai'i, nikacheka. Nani humwonyesha mgeni siku ya kawaida? Nikamshauri Tuala, mkuu wa chuo, tufunge madarasa siku mbili tujiandae.

"Hilo ndilo neno," akasema. "Akiondoka na njaa, nitauweka wapi uso wangu?"

Tulikuwa taabani. Baraza la wauguzi lilishatuambia kwamba tusipopata chuo kikuu cha nje cha kufundisha na kutahini pamoja nasi, vyeti vyetu havitatambuliwa kuanzia mwisho wa mwaka. Tulikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, wengine wamebakiza muhula mmoja tu. Chuo kikuu kimoja cha Australia kilitafuta mshirika mmoja, na vyuo saba vya visiwani vilikuwa vinaigombea nafasi hiyo.

Dokta Hensley, mkaguzi wao, akaja kwa feri ya asubuhi, arudi kwa ile ya saa kumi. Tulimpokea kwa 'ava, kinywaji chetu cha heshima. Tuala alihutubia karibu saa nzima, na wasemaji wa kijiji hawakukubali kuzidiwa. Wanafunzi walichinja nguruwe wawili, wakachoma majimbi na shelisheli, kisha wakacheza miili iking'aa mafuta ya nazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Alikula, akapiga makofi, akatazama saa. Nilidhani hataki kuondoka. Mjinga mimi.

Saa nane akaniinamia. "Lusia, chakula kitamu mno. Sasa naomba nikae nyuma ya darasa. Darasa lolote."

"Leo hakuna darasa, Dokta. Leo yote ni yako."

Akavua miwani. "Fomu yangu ina kurasa tisa. Sita ni za ufundishaji. Nitaandika nini?"

Nikakimbilia jikoni. "Mwaka wa tatu! Darasani, haraka!"

"Na mafuta haya, Mama?" akauliza Sieni, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote.

"Kanawe! Utafunga kidonda."

"Kidonda cha nani, cha nguruwe?" mmoja akadakia, wakaangua kicheko. Nilitamani kulia.

Wakaingia na mashada ya maua shingoni. Nikaanza somo la kufunga vidonda. Sieni, aliyewahi kumfunga kidonda mtu aliyekatwa panga bila kupepesa jicho, sasa bandeji ilimteleza kwenye mkono wa mwenzake uliojaa mafuta, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Dokta Hensley aliandika kitu kifupi. Hazijapita dakika kumi, Tuala akaingia na wasemaji wake, wamebeba mkeka wa heshima wa kumuagia mgeni.

"Mzee wangu, subiri kidogo, nakusihi," nikanong'ona.

"Mgeni ausubiri mkeka wake? Umerogwa?"

Hotuba zikaanza upya, mpaka gari la kwenda bandarini likapiga honi. Nilimfuata mgeni mpaka mlangoni pa gari, nikaushika mkono wake bila haya.

"Rudi kesho. Hawa wanaijua kazi, nakuapia!"

"Kesho niko chuo kingine. Nakuamini, Lusia. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hivyo."

Majibu ya Dokta Hensley yalikuja baada ya wiki sita. Tuala akaniambia nimsomee kwa lugha yetu. Aya ya kwanza ilikuwa shukrani: katika maisha yake hajawahi kupokewa hivyo. Tuala akajipiga paja.

"Unaona? Nilikwambia!"

Nikasoma ya pili. Wamechagua chuo cha kisiwa kingine. Huko aliwakuta katikati ya somo, akakaa nyuma saa mbili, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Hata kumsalimu?" Tuala akauliza.

"Hata kumsalimu."

"Na ndio waliochukuliwa?"

Niliikunja barua, nikaenda ukumbini kuwaambia wanafunzi wangu kwamba nimewafungia mlango kwa mikono yangu. Nilipoingia tu, wote arobaini na mmoja wakasimama kunisalimu, kama nilivyowafundisha.