Mkanda wa Given

Kikapu kilikuwa magotini mwa Eunike, na ndani yake, chini ya kanga iliyokunjwa, mlikuwa na mkanda wa suruali uliofungwa kwenye gazeti. Alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka Uru hadi kituo cha polisi, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye ndala zake. Afande Sirili, mpelelezi, alipekua jalada huku akinywa chai.

"Mama, hii mara ya tatu. Kijana alijinyonga mahabusu kwa mkanda wake. Daktari ameandika, mkuu wa kituo ameandika. Unataka nani tena aandike, Yesu?"

"Nataka kuuona huo mkanda, baba."

"Kielelezo si kitenge cha sokoni, kila mtu akipapase."

"Basi nitakuonyesha mimi."

Akafungua gazeti.

Mwanawe Given, mpagazi wa mlimani, alikuwa na mkanda mmoja tu, na majirani wote waliujua: ngozi ya kahawia, matundu manne ya ziada aliyoyatoboa kwa msumari wa moto, kwa sababu kila aliposhuka mlimani alikuwa amekonda. Jumapili ile polisi walimkuta bandani akimkatia ng'ombe migomba, amevaa bukta ya mpira kiunoni, isiyohitaji mkanda. Kamera ya mgeni imepotea kambini, walisema. Hawakumpa nafasi hata ya kuvaa viatu. Mkanda ulibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Jumanne ndugu wakaitwa kuchukua maiti. Siku ya kugawa nguo za marehemu, baba yake mdogo, Eliona, aliuomba mkanda mbele ya ukoo mzima, na Eunike akamkatalia. "Huu bado una kazi," alimwambia.

Sirili aliweka kikombe chini. Alisimama, akafunga mlango, akarudi.

"Shikamoo, mama."

Mara tatu wameonana, na leo ndiyo kwanza anamwamkia. Eunike hakuweza kuiacha shikamoo ya mtu hewani.

"Marahaba."

"Una uhakika huu ni wake? Isije ikawa wa baba yake."

"Baba yake alikufa haujanunuliwa. Hesabu matundu."

Sirili alihesabu kwa kidole, kisha akaandika, akasoma polepole: "Mimi Eunike, mama mzazi wa marehemu, nautambua mkanda huu kuwa ni wa mwanangu Given."

Halikuwamo neno la uongo. Eunike alitia saini kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, akaukabidhi mkanda kwa mikono miwili, kama alivyolelewa.

Getini binti yake, Gladness, alikuwa akimsubiri.

"Karatasi ya kuonyesha wameupokea iko wapi?"

"Leo ameniamkia vizuri sana."

Gladness alimpokea kikapu.

Miezi minne baadaye Eunike aliitwa kwa wakili wa serikali. Wakili Beatrice alikuwa rika la Gladness, mwenye sauti ya chini na kucha zilizokatwa vizuri. Alimvutia kiti.

"Mama, hakuna atakayeshtakiwa. Ushahidi hautoshi."

Mkanda ulikuwa mezani kwenye mfuko wa nailoni. Juu yake pamebandikwa tarehe: Jumanne ile, saa kumi na moja alfajiri.

"Jalada linasema mkanda umekutwa mahabusu, shingoni mwa marehemu. Saini hii ni yako?"

"Ni yangu. Lakini niliuleta mimi! Wiki tatu baada ya kumzika!"

"Imeandikwa wapi?"

"Ukoo mzima uliuona siku ya kugawa nguo."

"Ukoo ni ndugu, mama. Watasema unachosema wewe."

"Na polisi na polisi si ndugu?"

Beatrice aligeuza karatasi ambayo tayari alikuwa ameisoma.

"Nikilipeleka mbele jalada hili, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Uliutambua kwa saini, leo unasema mengine. Kuwapa polisi taarifa za uongo ni kosa, na mimi ndiye nitakayelazimika kukushtaki. Nakusihi kama mama yangu."

"Kumbe yupo wa kushtakiwa," alisema Eunike.

Beatrice alimsogezea daftari.

"Jalada limefungwa. Vielelezo vinarudi kwa wenyewe. Saini hapa kwamba umepokea."

"Siku nauleta hamkuwa na daftari."

"Mama, usiposaini mkanda utachomwa moto pamoja na vielelezo vingine."

Eunike aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akasaini.

Nyumbani aliurudisha kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Miaka mitano mkanda ule ulikuwa ukining'inia wima. Sasa ngozi ilikuwa imevunjika mahali pawili, mbali na matundu, mahali ambapo kiuno cha Given hakikuwahi kufika. Mtu alikuwa ameufunga fundo, akalikaza, akaliacha likauke. Eunike aliunyoosha kwa viganja, akaupaka samli kama mwanawe alivyozoea kufanya, akautundika tena.

"Mama, uache," alisema Gladness.

Hakuuacha. Aliuvuta kwa nguvu zake zote, akahesabu mpaka mia, akauachia.

Ncha ikainuka taratibu, ikajikunja, ikafanya kitanzi.