Mgongo wa Karani

Uvumi ulimwingia Mama sikioni siku alipompelekea fundi cherehani turubai, ukagoma kutoka. Fundi alisema kuna mwana-mbuzi alitwikwa mizigo kabla hajakomaa, mgongo ukabonyea kama kitanda cha kamba. Hakupanda mlima tena.

Na binti ya Mama ndiye aliyekuwa akifuga mbuzi wa kubebea mizigo ya wapanda milima. Mmoja wao, Karani, wa mwaka mmoja na ushei, alilelewa kwa chupa pale pale jikoni, akakua akidhani Mama ni bibi yake. Akiambiwa "Twende," anafuata. Akiambiwa "Tua," anasimama tuli afunguliwe mifuko. Mifuko yenyewe mitupu, ya kumzoesha tu.

"Mbona unamvisha mapema hivyo?"

"Samaki mkunje angali mbichi, mama."

"Samaki, si mbuzi! Tena mkunje, si mvunje!"

Binti alicheka hadi akakaa chini. "Mama wewe! Mzigo wa kweli ni mpaka atimize miaka mitatu. Leo anabeba hewa."

Lakini moyo wa mzazi haushibi. Binti alipoingia ndani kutafuta viatu vya safari ya mazoezi, Mama alitazama mawingu, akatia sweta katika mfuko wa Karani. Kisha chupa ya chai. Kisha viazi vya kuchemsha, na sufuria ndogo, maana chai ikipoa je? Vyote kushoto, kwa kuwa kulia Karani alikuwa ameegemea ukuta.

Walirudi kabla ya saa sita, binti amebeba mifuko begani, Karani nyuma akichechemea.

"Alikwenda upande upande, nikadhani ni ukaidi, nikamvuta. Kufika kijitoni akapiga magoti." Binti alichomoa sufuria. "Mama, hii nini?"

Mama alikosa pa kuweka uso. "Niliogopa usipigwe na baridi, mwanangu."

"Ungenipa mimi nibebe. Mgongo wangu umeshakomaa, mama. Wake bado unajengwa."

Daktari wa mifugo alimpapasa Karani mfupa kwa mfupa. Mama alisimama mlangoni, mikono kichwani, akijiona yeye ndiye uvumi wenyewe.

"Uti wa mgongo uko salama," daktari alisema. "Msuli umevutika. Wiki tatu asibebe hata hewa."

Mama alishusha pumzi. Karani, asiye na kinyongo, alianza kumtafuna pindo la gauni.

Kesho yake Mama alibandika karatasi kwenye mlango wa zizi, wenye mbuzi wadogo wasome:

Usimtwike mbuzi asiyetimiza miaka mitatu.
Usipakie upande mmoja. Pima kushoto, pima kulia.
Usimvute akienda upande. Fungua mifuko kwanza uone.
Usicheze naye kusukumana vichwa. Leo ni kichekesho, akiota pembe atakutupa bondeni.
Usimwache ale majani usiyoyajua.
Usitie kitu mfukoni bila kumwambia mwenye safari, hata kama ulimzaa wewe.