Juu ya Kamba ya Madhuben

Juu ya paa la ghorofa ya sita, Mchafukoge, mpira wa tenisi uliopigwa kwa nguvu zote ulikuwa na safari moja tu: kuvuka ukuta, kuanguka mtaani na kupotea. Ndiyo maana Badria, aliyejifunzia huko, alizoea kuanzisha kwa mpira wa kukata. Raketi ilikwangua ubavu wa kulia wa mpira, nao ukapinda kushoto na kulala chini.

Kilichomshinda ni mpira wa kuruka. Huo unarushwa juu ya kichwa, mgongo unapinda, raketi inapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Mpira hupaa, huzama ghafla, kisha hudunda hadi begani kwa mpokeaji. Lakini katikati ya paa, jirani yake Madhuben alianika sari kwenye kamba, na mpira ulipaswa kuivuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukigusa sari, mpira ni wangu."

Mwezi ulipoisha, ndoo ya Madhuben ilikuwa imejaa mipira. Kila Badria alipoiwazia kamba, mkono ulisita, na mpira ukanasa kwenye sari.

"Huo mkono unaomba ruhusa," Madhuben alimwambia siku moja, akitumbukiza mpira mwingine ndoani. "Piga, mtoto! Sari si nitafua?"

Jumamosi asubuhi ikafika fainali. Mshindi angechukua nafasi pekee iliyobaki kwenye timu ya mkoa. Upande wa pili alisimama Severa, bingwa wa mwaka jana, na Badria alihitaji pointi moja tu.

Severa alishausoma mpira wa kukata. Alijisogeza kulia kwake, akacheka.

"Leta huo wa kulala, dada! Nimeuzoea mpaka naupenda!"

Badria akaanzisha. Wavuni. Angekosa tena, pointi ingekwenda kwa Severa. Akatazama pembeni. Madhuben alikuwa amekaa mstari wa mbele, ndoo mapajani.

Badria akarudisha macho kwenye wavu, na hapo nusura acheke. Wavu ulimfika kiunoni! Kamba ya Madhuben ilipita juu ya kichwa chake. Mwezi mzima alikuwa akipambana na mlima, na hiki kilikuwa kizingiti.

Akaurusha mpira juu ya kichwa. Mgongo ukapinda, raketi ikapanda bila kumwomba mtu ruhusa.

"Auti hiyo!" Severa alipiga kelele mpira ukiwa bado angani.

Mpira ukazama. Ukagusa ndani ya mstari, ukaruka juu, kushoto kwa Severa, ukapita bega lake huku raketi yake ikichapa hewa.

Uwanja ukalipuka. Badria alipiga magoti, akilia na kucheka kwa pamoja. Alipoinua uso, Madhuben alikuwa mbele yake, akimkabidhi ndoo.

"Mipira yako hii. Na nimeshamwambia mwanangu Pranav, kesho aipandishe kamba."