Dawa ya Moto ya Bwana Mahmud

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, na wanawake wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, walikuwa wameshapanda kutoka ziwani, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na ndoo nyekundu kichwani. Walipenya kwenye tundu la ua nyuma ya ghala, wakazunguka kimya kimya hadi mbele, wakaanza kuzitundika ndoo kwenye kulabu zake ukutani. Phelesia, nyapara wao, alisimama kando akichungulia kila moja.

"Wewe, hii yako mbona nusu? Umemwogesha nani?"

"Njia ni mbaya, Nyapara. Imemwagika."

"Njia ni ileile ya jana. Kesho ilete imejaa, ama ulale bila ndoo."

Ndoo hizo zilikuwa za kuzimia moto. Mzungu aliyejenga jineri, kabla hajamuuzia Mzee Noordin wa Migori na kwenda zake wakati wa uhuru, alizinunua makusudi zenye kitako cha mviringo, zisiweze kusimama chini. Ndoo isiyosimama, alisema, haiibiwi, maana mtu akiipeleka nyumbani ataifanyia nini? Maskini! Hakuwahi kukanyaga nyumba ya Mjaluo. Hakujua kwamba mtungi wa maji, tangu enzi za nyanya zetu, una kitako cha mviringo vilevile, na kwamba mwanamke wa hapa akishaweka kata kichwani hahitaji kitu kiwe bapa. Ndoo zilianza kutoweka mapema kabisa. Phelesia alipofanywa nyapara hakupiga kelele. Aliweka sheria: chukua jioni, teka, pika, oga, lakini alfajiri irudi kwenye kulabu imejaa pomoni. Tangu hapo ndoo za jineri hazikukauka hata siku moja.

Na maji yale yalikuwa na kazi. Pamba haiungui kama kuni. Kijiwe kikiingia kwenye mashine kikatoa cheche, pamba huumeza moto ule na kuuficha tumboni, nje nyeupe pe, mpaka upepo uuamshe. Mara ngapi wanawake walikuwa wamemwaga ndoo juu ya fungu lililoanza kutoa harufu, wakaendelea na kazi bila hata kusimulia mtu!

Chumba cha mashine chenyewe kilikuwa mtego. Mlango mmoja tu, wa mbao nzito, na mashine zikianza kuzunguka ulifungwa kwa komeo la nje, eti upepo wa ziwa usipeperushe pamba na wafanyakazi wasitoke nayo kwenye nguo. Madirisha yalipigiliwa mbao. Upande wa pili kulikuwa na uwazi wa kupitishia pamba kutoka ghalani, basi. Na mashine ya mwisho kabisa, mbali na mlango, ilikuwa ya Benta, mtoto wa marehemu dada yake Phelesia. Phelesia ndiye aliyemlea, ndiye aliyembembelezea kazi hii, na sasa Benta alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kugusa mashine. Kila asubuhi Phelesia alipomwona akipotelea mle ndani, alihesabu hatua za kurudi mlangoni.

Asubuhi hiyo gari la Bwana Mahmud liliingia mapema kuliko siku zote. Mahmud alikuwa mpwa wa Mzee Noordin, meneja, kijana mwenye haraka aliyemwogopa mjomba wake kuliko alivyomwogopa Mungu. Alishuka na kumkuta Benta uso kwa uso, ndoo ikiwa bado kichwani.

"Aha! Kumbe ndio nyinyi! Nasikia watu mjini wanateka maji kwa mali yangu, nasema ni uwongo. Mwizi wa kwanza ni huyu. Wewe binti, weka ndoo chini, uende kwenu."

"Haiwekeki chini, Bwana," Benta alisema kwa sauti ndogo, naye hakuwa akifanya mzaha.

Wanawake waliangua kicheko, na kicheko hicho kikaharibu mambo zaidi. Phelesia alisogea haraka.

"Bwana Mahmud, mimi ndiye niliwaruhusu. Hakuna mwizi hapa. Angalia ukutani, zote ziko, tena zimejaa. Ukiziacha zikae tu, zitajaa buibui."

"Nikuambie kitu, Nyapara. Leo Bwana Nyakundi wa Idara ya Leba anakuja kukagua. Amesema ndoo ni mambo ya zamani, anataka mitungi ya kisasa ya kuzimia moto. Hizi zote zimwagwe, zifungiwe stoo. Huyu binti nimemsamehe kwa leo. Nikisikia neno lingine kutoka kwake ama kwako, mtaondoka pamoja."

Maji yakamwagwa. Yalitiririka kwenye vumbi la uwanja, ardhi ikayanywa. Phelesia alitazama akaumia kama anayeona chakula kinatupwa.

Paul, wakala wa mitungi kutoka Kisumu, alifika na pikapu akapanga bidhaa zake kwenye turubai. Alikuwa kijana wa watu, mwenye tai na viatu vilivyochoka. Mtungi wa kwanza ulikuwa mkubwa, mwekundu, mzito kama mtoto wa shule.

"Huu unaupindua kichwa chini. Soda na asidi zinakutana ndani, maji yanatoka kwa nguvu. Kwa pamba, Bwana Meneja, chagua huu. Maji yanaingia mpaka ndani. Huu wa pili ni wa povu, uweke kwa injini, kwa sababu ya dizeli."

"Na hiki kidogo?"

Kilikuwa cha shaba, kinang'aa, kina mpini kama pampu ya baiskeli. Paul alikiinua bila furaha. "Hiki ni dawa. Unapiga pampu, inaruka. Watu wa magari wanakipenda. Ni rahisi kuliko hivyo vingine."

"Kinalowesha?"

"Hapana. Dawa inakauka yenyewe."

"Basi tumemaliza!" Mahmud alipiga makofi. "Pamba ikilowa nani atainunua? Mjomba atanichinja. Nipe hivi vya shaba."

"Lakini kwa pamba, Bwana..."

"Wewe unauza ama huuzi?"

Paul alikohoa, akarekebisha tai yake. Alimimina petroli kwenye karai, akawasha. Moto ukaruka juu, wanawake wakarudi nyuma. Akapiga pampu mara chache, na moto ukafa papo hapo, kama mtu aliyezibwa mdomo. Uwanja mzima ukashangilia. Hata Phelesia alijikuta amesema "Yawa!"

Halafu akasema, "Bwana, hapa hatuchambui petroli. Jaribu na pamba."

Mahmud alimtupia jicho, lakini hakukataa. Alitaka kushangiliwa tena. Likaletwa fungu la pamba, likawashwa. Pampu, pampu, ndimi za moto zikazimika. Makofi tena. Mahmud alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Paul hakucheka. Wakati akikusanya vitu vyake alimsogelea Phelesia, akamwambia kwa Kijaluo, polepole:

"Mama, dawa hii inaua ndimi tu. Na ikipigwa ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake una harufu tamu, lakini ni sumu. Ukiisikia harufu hiyo, usingoje. Toeni watu nje."

"Mbona hukumwambia yeye?"

"Kampuni imeandika kwenye karatasi zake, nami nimempa. Mama, nauza kile anachonunua mtu. Nina watoto."

Akaondoka. Bwana Nyakundi wa Leba akaja, mtu mnene mpole, akaiona mitungi ya shaba imetundikwa kwenye kulabu, akagonga mmoja kwa ukucha kusikiliza mlio wake, akachungulia ndani ya chumba cha mashine kutoka mlangoni. "Hii inafaa kwa pamba?" aliuliza. Mahmud akamwambia ilijaribiwa asubuhi hiyo hiyo mbele ya wafanyakazi wote. Nyakundi aliutazama mlango, akalitazama komeo, akamtazama Mahmud. Alijua. Alijua vizuri sana. Kisha akakumbuka kwamba Mzee Noordin hula meza moja na wakubwa zake, akakubali soda, akanywa, akaaga.

Gari lake lilipotoweka tu, Mahmud akaitoa mitungi ukutani.

"Shaba hii mkiachiwa mtaifua bangili. Itakaa ofisini. Ufunguo ninao mimi."

"Na moto ukiwaka wewe uko nyumbani kwako?" Phelesia aliuliza. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, Bwana."

"Mtanipigia kelele, nitakuja. Na ile pamba ya majaribio irudishwe ghalani. Pamba ni pamba."

Phelesia aliinama, akatia mkono ndani ya lile fungu. Juu palikuwa baridi. Ndani palikuwa na joto.

"Bwana, hii bado ina moto."

"Ni jua hilo. Nimesema neno lingine moja tu, Nyapara. Au umesahau?"

Nyuma yake Benta alikuwa ameshika kiuno, anangoja kuingia kazini. Phelesia alimwona. Akautoa mkono kwenye pamba. Likabebwa lile fungu, likatupwa juu ya pamba ya wakulima, naye akasimama pale akalitazama likiingia, na baadaye hicho ndicho kitu alichojilaumu kuliko vyote.

Komeo likafungwa. Mashine zikanguruma. Phelesia alikuwa uwanjani na wanawake wa kuchagua pamba chafu, lakini macho yake hayakutoka kwenye paa la ghala. Mahmud alikwenda nyumbani kula. Jua likawa kali, upepo ukaanza kutoka ziwani.

Aliusikia moto kwa pua kabla hajauona. Harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye pasi. Kisha, chini ya mabati, moshi mwembamba.

Hakupiga kelele, mle ndani nani angemsikia? Alikimbia akalichomoa komeo, akaingia akipunga mikono. "Nje! Nje wote!" Wanawake wakatoka wamejaa pamba nywele nzima, Benta wa mwisho, akitembea kwa shida. Mwanamke mmoja akatumwa kumwita Mahmud, naye akaja na gari mbio, chakula bado mdomoni, akafungua ofisi, akatoka na mitungi miwili. Aliingia ghalani. Walimsikia akipiga pampu. Moshi ukapungua, ukaisha. Akatoka anakohoa, machozi yanamtoka, lakini anatabasamu.

"Mmeona? Imezimika! Ndoo zenu zingeniharibia ghala nzima. Haya, kazini."

Kupitia ule uwazi harufu ilikuwa imeshaingia chumba cha mashine, ikawafikia mlangoni. Harufu tamu. Phelesia akainua mkono kuwazuia.

"Hakuna mtu anaingia," alisema. "Hiyo ni sumu, Bwana, yule kijana alisema. Na moto uko ndani ya pamba, haujafa."

"Nyapara, umefukuzwa kazi. Nani mwingine anataka kumfuata? Aseme sasa."

Wanawake walitazamana. Kila mmoja alikuwa na mtoto wa kulipiwa shule, au mume mgonjwa, au shamba ambalo mvua ililikataa. Mmoja akajifunga leso vizuri kiunoni, akaingia. Wa pili akamfuata. Benta aliinamisha macho.

"Benta! Wewe usiingie, nyathina, mwanangu."

"Mama, wewe umeshafukuzwa. Na mimi nikifukuzwa, huyu nitamzaa tule nini?"

Akapita. Mnyonge hata akichagua, huchagua katika yale aliyobakishiwa.

Mahmud aliushika mlango aufunge. Phelesia akaketi kizingitini, chini kabisa, mgongo kwenye ubao wa mlango, miguu ameinyoosha mbele.

"Ondoka hapo!"

"Unaniamuru mimi? Umenifukuza sasa hivi, watu wote wamesikia. Mimi si mtu wako tena."

"Hapa ni mali ya mjomba wangu!"

"Basi kaite polisi. Mpaka waje, mlango huu haufungwi."

Mahmud alimvuta mkono. Mwanamke wa makamo aliyeamua kuwa mzito si mwepesi. Akatukana, akaingia garini, vumbi likamfuata hadi barabarani.

Phelesia alibaki pale. Mashine zilinguruma nyuma yake, na katikati ya ngurumo alisikia mtu akikohoa, kisha mwingine. Upepo wa ziwa ulizidi. Alikuwa na hofu, na hakuona haya kuwa na hofu. Alinyanyua macho kwenye paa la ghala, na safari hii moshi haukuwa mwembamba.

Aliingia. Alipita katikati ya mashine, koo linamwasha, hakumgusa mtu mwingine hadi alipofika mwisho kabisa, akamshika Benta mkono akamvuta. Benta hakubisha tena. Macho yalikuwa yameshamlegea. Wenzake walipoona uwazi wa ghala umegeuka mwekundu, kila mmoja alitupa alichoshika. Walitoka kwa mlango ule mmoja, wakisukumana, wengine wakitambaa, na kwa kuwa ulikuwa wazi, walitoka wote.

Walikuwa wamelala majanini wakitapika na kulia, paa la ghala limeanguka, mabati yanalia kama watu, gari la Mahmud liliporudi. Askari polisi alishuka kwanza. Aliutazama moto, akawatazama wanawake, akafikiri kidogo. Lakini alikuwa ameitwa kwa jambo moja, na ndilo aliloliuliza.

"Nani hapa amezuia mlango usifungwe?"

Mahmud alinyoosha kidole tu.

"Ni mimi," Phelesia alisema. Alimlaza Benta vizuri ubavuni, akamfunika kwa leso yake, akasimama, akatoa mikono yote miwili.